Wito na Kuishiwa: Tathmini ya Mahubiri Yanayohubiriwa kwa Walimu wa Elimu Maalumu Vijijini

Kuna mahubiri ambayo kila mchungaji aliyewahi kuhudhuria mahafali ya chuo cha ualimu, au Jumapili ya elimu katika usharika wenye shule ya watoto wenye ulemavu, huyatambua baada ya sentensi mbili. Huanza na Bwana Yesu akiwapokea watoto wadogo, hupita kwa Msamaria mwema, na humalizikia kwenye neno wito. Walimu huambiwa kwamba kazi yao si kama kazi nyingine, kwamba hawakuifuata kwa ajili ya mshahara, na kwamba Mungu aliyewaita ndiye atakayewalipa. Kwaya huimba, sadaka hukusanywa, nao walimu hurudi kazini. Katika makala hii tunakusudia kuyapima mahubiri hayo kwa theolojia tunayoikiri wenyewe. Hoja yetu ni kwamba neno wito, kama linavyotumika humo, limeacha kuwa neno la Injili na limekuwa sheria. Nayo sheria hiyo humwangukia mtu ambaye tayari amelemewa.

Yafaa kwanza tuitambue hali yenyewe. Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya neno moja kwa ajili yake. Wengine husema uchovu wa kazi, wengine kuchakaa. Sisi tutasema kuishiwa, kwa kuwa neno hilo watu wanalo tayari vinywani mwao, na kwa kuwa linaonyesha tofauti iliyopo: aliyechoka hulala akaamka na nguvu, bali aliyeishiwa huamka vile vile alivyolala. Taa ya kandili ikiishiwa mafuta huendelea kuwaka kwa kitambo, lakini kinachoungua hapo ni utambi wenyewe.

Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliieleza hali hiyo mwaka 1974, kutokana na mambo aliyoyaona kwa watu waliojitolea katika zahanati ya bure mjini New York. Jambo moja aliloliandika lapasa kumsumbua kila mhubiri wa wito: walioelekea zaidi kuishiwa hawakuwa wavivu, bali wale waliojitoa kuliko wenzao. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo kinachotazama mambo matatu: moyo uliokauka kwa kuhudumia, ubaridi unaomfanya mhudumu awaone watu wake kama vitu, na hisia kwamba hakuna lolote analolitimiza. Shirika la Afya Duniani liliitaja hali hii katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019, lakini likaeleza waziwazi kwamba si ugonjwa. Ni jambo la kazi, litokanalo na mkazo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Tunamwomba msomaji aishike tofauti hiyo, maana sehemu kubwa ya hoja yetu imesimama juu yake. Kama chanzo kingekuwa ndani ya moyo wa mwalimu peke yake, mahubiri ya kumtia moyo yangetosha. Kikiwa katika mpangilio wa kazi yake, kumtia moyo peke yake ni sawa na kumkanda misuli mtu aliyebeba gunia bila kumtua gunia.

Sasa tumtazame mwalimu wa kitengo kijijini. Kitengo ni darasa moja au mawili yaliyoambatanishwa na shule ya msingi ya kawaida, na humo hukusanywa watoto wa vijiji vingi: mwenye ulemavu wa akili, mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo, asiyesikia ambaye hajapata kukutana na mtu ajuaye lugha ya alama. Mwalimu amesomea fani moja, labda Patandi karibu na Arusha, labda katika chuo kile cha Magamba, Lushoto, kilichoanzishwa na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki mwaka 2007 na kupewa jina la Askofu Sebastian Kolowa. Alifundishwa nukta nundu. Darasani amewakuta wote.

Siku yake haianzi na ubao. Huanza na mtoto aliyejisaidia nguoni njiani, na mwingine aliyeanguka kifafa, na mwingine anayejing'ata mkono mpaka damu itoke. Kumfundisha mtoto mmoja kufunga vifungo vya shati kwaweza kuchukua muhula mzima, na baada ya likizo akarudi amesahau. Shule hupimwa kwa mtihani wa darasa la saba, ambao wengi wa watoto wenye ulemavu wa akili hawataufikia. Hivyo matokeo yanapobandikwa ukutani, kazi yote ya mwalimu huyu haionekani popote. Hapo ndipo hisia ile ya tatu waliyoitaja Maslach na Jackson hutia mizizi. Na mwalimu wa Hisabati wa darasa la tano asipokuwepo, anayeitwa kushika kipindi ni wa kitengo, kwa kuwa inadhaniwa kwamba watoto wake wanacheza tu.

Azimio la Salamanca la mwaka 1994 lilizitaka nchi zifungue shule za kawaida kwa watoto wote, wenye ulemavu na wasio nao. Tunaliunga mkono, na hatuoni jinsi mtu anayeikiri imani ya uumbaji awezavyo kulipinga. Tena ada katika shule za umma za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne zilipoondolewa kuanzia Januari 2016, madarasa yalifurika. Ni mambo mawili mema. Lakini katika shule nyingi za vijijini mema hayo yalikutana juu ya mabega ya mtu yule yule mmoja.

Katika shule za bweni hali huwa nzito zaidi. Maandishi mengi ya Ulaya na Marekani kuhusu kuishiwa huchukulia kwamba kazi ina saa ya kwisha na mfanyakazi ana nyumba ya kurudi. Mwalimu anayeishi ndani ya uwanja wa shule ya watoto wenye ulemavu hana vyote viwili. Mlezi wa bweni akiugua, yeye ndiye mlezi. Mtoto akiamka usiku na degedege, mlango unaogongwa ni wake. Wakati watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia miaka ya 2007 na 2008, kituo cha Buhangija, Shinyanga, kilichokuwa cha watoto wasioona, kilipokea watoto walioletwa si kusoma tu bali kufichwa wasiuawe, na wengine hawakuweza kurudi makwao hata wakati wa likizo. Shule inapokuwa mji wa makimbilio, mwalimu hana tena likizo. Mji wa makimbilio wa Agano la Kale ulikuwa na wazee langoni na jamii nzima ndani yake (Yoshua 20). Wa kwetu mara nyingi umekuwa na walimu wachache.

Tukiwa na picha hiyo mbele yetu, turudi kwenye mahubiri. Mhubiri anapolitumia neno wito hudhani anamfuata Luther. Kwa sehemu ni kweli. Mwaka 1522, alipoandika juu ya maisha ya ndoa, Luther alimtetea baba anayefua nepi za mtoto wake huku majirani wakimcheka. Alisema kwamba Mungu pamoja na malaika hufurahia jambo hilo, kwa sababu linatendwa katika imani. Hatujui sehemu nyingine katika maandishi ya Matengenezo iliyo karibu zaidi na kazi ya mwalimu anayemwogesha mtoto wa miaka kumi na mbili. Injili iko humo: kazi inayodharauliwa na watu haijadharauliwa na Mungu.

Lakini Luther yule yule, kila alipozungumza juu ya walimu, alizungumza pia juu ya fedha. Waraka wake wa mwaka 1524 haukuelekezwa kwa walimu bali kwa madiwani wa miji ya Ujerumani. Anawauliza kwa nini wanatoa gharama kubwa kila mwaka kwa ajili ya silaha, barabara na madaraja, wakaona tabu kumtunza mwalimu mmoja au wawili. Katika hotuba yake ya mwaka 1530 juu ya kuwaacha watoto shuleni anasema kwamba mwalimu mwaminifu hawezi kulipwa kiasi kinachomstahili, na kwamba yeye mwenyewe, kama angelazimika kuiacha huduma ya kuhubiri, asingependa kazi nyingine kuliko ile ya ualimu wa shule. Kwa Luther, kusema kwamba mwalimu halipiki ni sababu ya kuwabana wenye mamlaka watoe zaidi. Katika mahubiri tunayoyapima, maneno yale yale yamegeuzwa kuwa sababu ya kutoa kidogo. Mwalimu anaambiwa kazi yake haina bei, kisha anaachwa adai posho yake ya uhamisho mwaka wa tatu sasa.

Tofauti hii si ndogo. Mafundisho ya wito yalizaliwa katika kuupinga utawa, yaani dhana kwamba kuna Wakristo wa daraja la juu wanaopata sifa mbele za Mungu kwa kujinyima kuliko wengine. Mahubiri yanayomweka mwalimu wa elimu maalumu katika daraja la pekee la kujinyima yanaijenga upya nyumba ya watawa, safari hii bila bustani wala jikoni. Tena yanamnyima haki ya kuchoka. Mtu aliyetangazwa mbele ya usharika kuwa malaika wa watoto hawezi Jumatatu kumwambia mwalimu mkuu kwamba anashindwa. Akisema hivyo haonekani kuwa na tatizo la kazi, anaonekana kuwa na tatizo la imani. Ndiyo maana tunasema neno hilo limekuwa sheria: linadai, halitoi, na mwisho linashtaki.

Mhubiri mwenye elimu zaidi atajibu kwamba wito una msalaba ndani yake, na atamtaja Gustaf Wingren, mtheolojia wa Sweden, ambaye kitabu chake cha mwaka 1942 juu ya Luther na wito kimesomwa katika vyuo vingi vya Kilutheri. Ni kweli kwamba Wingren anaweka msalaba katikati ya wito: utu wa kale husulubishwa katika kazi ya kila siku kwa ajili ya jirani. Lakini anasisitiza pia, akimfuata Luther, kwamba msalaba wa kweli haujichagulii mtu mwenyewe, humjia. Sisi tungeongeza kwamba wala haupangwi na mtu mwingine kwa niaba yake. Halmashauri inayojua kwamba bweni lina watoto wengi na mlezi mmoja, ikaliacha hivyo mwaka hata mwaka, haimpi mwalimu msalaba. Inamnyima msaidizi. Kuuita upungufu wa bajeti msalaba ni kulitaja bure jina lililo takatifu.

Hapa haki inatudai tuseme jambo lisilopendeza. Katika Mazungumzo ya Mezani kuna maneno yaliyonukuliwa kutoka kwa Luther mwaka 1540 kuhusu mtoto wa Dessau aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, ambaye kwa dalili zilizoelezwa tungesema leo alikuwa na ulemavu mkubwa wa akili. Luther alidhani mtoto huyo hana roho ya mwanadamu, na akashauri azamishwe mtoni. Wanafunzi wakifika hapo hunyamaza, na ni vema wanyamaze. Hatuna sababu ya kuyaficha maneno hayo, kwa maana mwalimu wa kitengo huyasikia kila wiki kwa lugha nyingine, kutoka kwa bibi anayeuliza mtoto kama huyu asomeshwe ili iweje, na kutoka kwa mwalimu mwenzake anayemtania ofisini. Dharau ya jamii kwa mtoto humpata na mwalimu wake, nayo ni sehemu ya mzigo. Tunachoweza kumjibu Luther ni Luther mwenyewe: katika Katekisimu Kubwa alifundisha kwamba ubatizo hausimami juu ya imani wala ufahamu wa anayebatizwa, bali juu ya Neno na agizo la Mungu. Kanisa linalombatiza mtoto mchanga asiyejua lolote limekwisha kutoa hukumu juu ya mtoto asiyeweza kujifunza herufi.

Tukija kwenye ufafanuzi wa Maandiko, mahubiri ya wito hulipenda sana somo la Eliya katika 1 Wafalme 19. Mara nyingi mhubiri hukimbilia mstari wa 9, pale Bwana anapomuuliza nabii anafanya nini pangoni, naye hulifanya swali hilo kuwa karipio kwa kila mtumishi aliyekata tamaa. Tumelisikia somo likihubiriwa hivyo kwa walimu, kwa wauguzi, hata kwa wainjilisti. Lakini simulizi halianzii pangoni. Linaanzia chini ya mretemu, ambako mtu anaomba kufa na hakaripiwi. Malaika anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anamwacha alale tena, anarudi mara ya pili kumlisha, na anakiri kwamba safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Hakuna mafundisho yoyote yanayotolewa kabla ya chakula cha pili. Na baada ya swali la pangoni, linaloulizwa mara mbili, hafukuzwi kurudi peke yake: anapewa Elisha, na anaambiwa juu ya elfu saba asiowajua. Kulihubiri karipio na kuuruka mkate ni ufafanuzi mbaya hata kama kusingekuwa na mwalimu mmoja kanisani.

Ndugu mmoja katika huduma aliposikia hoja hizi alituuliza: mkiliondoa neno wito, nani atabaki katika shule hizo? Swali ni la haki. Kanisa lilianza kazi hii wakati wengine hawakuiona. Waanglikana walianza na wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Wakatoliki walianza na viziwi Tabora mwaka 1963. Sisi Walutheri tulifuata Irente na Mwanga. Hakuna hata moja katika shule hizo iliyojengwa na watu waliohesabu saa. Nasi hatutaki neno liondolewe. Tunachokataa ni kulitumia kuni zinapokwisha. Ikiwa Freudenberger aliona sawasawa, mwenye wito ndiye aliye karibu zaidi kuishiwa. Basi kumchochea zaidi kwa neno hilo hilo ni kumharakisha. Mwanafunzi mmoja alituletea Galatia 6:5, kwamba kila mtu atalichukua lake. Tulimwomba asome pia mstari wa 2, na aangalie kwamba watafsiri wetu waliweka mizigo mahali pamoja na furushi mahali pengine, kwa kuwa Kiyunani nacho kina maneno mawili. Furushi ni la mtu mmoja. Mizigo ya aina nyingine haikuwekewa mtu mmoja tangu mwanzo.

Kabla ya kuinyoshea serikali kidole, kuna jambo lililo ndani ya uwezo wa usharika wenyewe. Mwalimu ajuaye lugha ya alama ndiye anayetafsiri ibada ya Jumapili, ibada zote mbili, na mnada wa mazao baada ya ibada. Ndiye anayefundisha kipaimara kwa watoto wasioweza kukariri Katekisimu, kwa kuwa mwinjilisti anasema hawawezi. Ndiye anayeitwa kwenye msiba wa familia yenye mtu asiyesikia. Halipwi chochote, na hakuna anayeona ajabu, maana yote ni wito. Matokeo yake ni kwamba mtu huyu hana siku ya saba. Amri ya tatu, kama Katekisimu Kubwa inavyoieleza, inataka pia kwamba mtumishi na kijakazi wapate kupumzika. Nasi tumeigeuza Jumapili kuwa siku yake ya kazi iliyo ngumu kuliko zote, kisha tunamhubiria humo humo. Si vigumu kwa baraza la wazee kuchagua vijana wanne wajifunze lugha ya alama kwa mwaka mmoja ili watafsiri kwa zamu. Si vigumu umoja wa wanawake kulinda bweni usiku mmoja kwa juma, wakiwa wamefundishwa namna ya kumsaidia mtoto mwenye kifafa. Bajeti ya usharika yenye fungu la mapambo ya Pasaka inaweza kuwa na fungu la posho ya mlezi wa pili.

Na mchungaji anapomtembelea mwalimu huyu, asianze na Maandiko. Amuulize ni lini mara ya mwisho alilala usiku mzima, na asubiri jibu. Akigundua kwamba mwalimu anawasema watoto kwa ubaridi, asistuke wala asikemee upesi. Huenda anauona utambi utokao moshi, ambao Isaya 42 inasema Mtumishi wa Bwana hatauzima. Mwalimu akiomba uhamisho, mchungaji asimwite msaliti. Wapo waliohama shule ya namna hii wakapona, na baada ya miaka wakarudi wenyewe.

Kwa wale watakaoalikwa tena kuhubiri kwenye mahafali, tungependekeza Hesabu 11:11-17. Musa anamlalamikia Mungu, akiuliza kama yeye ndiye aliyewachukulia mimba watu hawa hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi ambebavyo mtoto anyonyaye. Anasema hawezi kuwachukua peke yake, na anaomba auawe. Mungu hamkumbushi kijiti kilichowaka moto wala siku alipomwita. Anamwagiza akusanye watu sabini katika wazee, wasimame pamoja naye, na roho iliyo juu yake anaiweka juu yao pia, ili wauchukue mzigo wa watu pamoja naye. Somo lisomwe mpaka mwisho wa mstari wa 17, na siku hiyo wazee wa usharika, mtunza hazina na wajumbe wa kamati ya shule waketi viti vya mbele, kwa maana linawahusu wao kwanza.